Blogu ya Darasa na Sare za Mama Pindo

Mama Pindo alikuwa na lake la kusema kuhusu blogu, na alilisema bila kuombwa. "Blogu, blogu," alikuwa akimwambia mteja huku amebana pini kwa midomo, "hilo nalo ni neno? Hiyo ni sauti ya mtungi unaozama kisimani." Wateja walicheka mpaka futi ya kupimia ikawateleza viunoni. Bintiye, aliyekuwa akipiga pasi nyuma ya pazia la kijani, hakucheka. Utani huo alikuwa ameusikia mara nyingi kuliko alivyosikia jina lake.

Jina lake lenyewe hakuna aliyelitumia. Tangu alipojua kusema hakuwahi kunyamaza, basi mtaa mzima ukamwita Chiriku. Alikuwa kidato cha tatu, na mwalimu wake wa lugha alikuwa amelifungulia darasa lote blogu, kila mwanafunzi na ukurasa wake, waandike habari za shule na mtaa zisomwe na yeyote mwenye simu. Mwalimu huyo naye alikuwa na jina la kupewa. Wanafunzi walimwita Bi Nanikasema, maana ukimwambia mvua inakuja, atauliza nani kasema. Ukimwambia mkuu wa shule anakuita, nani kasema. Wapo walimu wenzake waliokuwa wakimkwepa hata wakati wa chai.

"Mtoto nampeleka akasome," Mama Pindo alilalamika, "ananirudia na umbea wa kompyuta."

Lakini haukuwa umbea, na mwenye haki apewe haki yake. Bi Nanikasema alikuwa na sheria moja ngumu kuliko mtihani. Ukiandika habari inayomhusu mtu, haipandi kwenye blogu mpaka umwendee kwa miguu yako, usimame mbele yake, umsomee kwa sauti kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Akikuta uongo, unafuta. Akikuta ukweli mchungu, basi atameza, lakini atameza akiwa ameusikia kwanza yeye kabla ya dunia. Kijana mmoja aliwahi kuandika kwamba maktaba hufungwa mapema kwa sababu ya uvivu wa mtunza vitabu. Akaenda kumsomea. Alimkuta chini ya meza, amezungukwa na gundi na vitabu vilivyopasuka migongo, anavishona kimoja kimoja. Kijana alirudi darasani akachana alichoandika bila kuambiwa, na habari aliyoiandika upya wazazi waliisoma mpaka wakaanza kuchangia gundi. Mwalimu anayeweza kumfikisha mtoto hapo, jamani, hata akikukera na maswali yake, mpe heshima.

Basi ulifika mwanzo wa muhula, msimu ambao Mama Pindo aliutegemea mwaka mzima. Sare zilijaa chumbani mpaka mlango haukufunguka wote. Duka lile ndilo lililokuwa limewalea, yeye na binti yake, tangu baba mtu alipofariki. Asubuhi moja akaingia mama mmoja ameshika sketi kwa ncha za vidole, kama aliyeshika panya mfu mkiani.

"Nimekuja kuirudisha."

"Inambana mtoto?"

"Haimbani."

"Imefumuka?" Hapo Mama Pindo aliuliza kwa kejeli, maana pindo zake hazikuwahi kufumuka, ndiyo maana akaitwa hivyo.

"Haijafumuka. Ichukue tu, mama, tafadhali."

Akaja wa pili, akaja wa tatu. Kufikia adhuhuri meza ya kukatia ilikuwa na rundo la sare zilizorudi, na hakuna aliyetaka kusema sababu. Walitazama dari, walitazama viatu vyao, wakaondoka. Fundi viatu wa chumba cha jirani ndiye aliyemhurumia. Aliingia, akafunga mlango, akatoa simu yake, akasema, "Jirani, kaa kwanza. Sikiliza."

Ilikuwa sauti ya mwanamke, nusu analia. "Wazazi wenzangu, tuamke! Yule fundi wa sare mwenye pazia la kijani, mwenye cherehani iliyofungwa kamba ya kiatu kwenye pedali, anawashonea watoto wetu sanda. Sanda za maiti! Anazichukua hospitali, anazitia rangi. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Watumieni wazazi wote."

Mama Pindo alitazama chini. Pedali ya cherehani yake ilikuwa imefungwa kamba ya kiatu, aliifunga mwenyewe ilipokatika. Akageuka, pazia la kijani hilo hapo. Akakaa juu ya jora la kitambaa. Msimu huu ukimpita, duka linafungwa, na duka likifungwa hakuwa na lingine mkononi wala moyoni. Aliogopa, na alipokwisha kuogopa akakasirika.

"Ni Fundi Mikasi," akasema. Fundi Mikasi alikuwa na duka barabara ya pili na naye alishona sare. "Wivu tu. Namfuata sasa hivi, nikamfanye asahau alikoweka hiyo mikasi."

Chiriku, aliyekuwa ametoka shule na kusikia yote, alijitupa mlangoni. "Mama, usiende. Kesho nitamleta mwalimu. Hii kazi ndiyo tunayofundishwa."

"Mwalimu wa mtungi?"

"Huyohuyo, Mama. Nakuomba."

Kilichomzuia Mama Pindo ni machozi ya binti yake tu. Kwa mwalimu hakutarajia chochote.

Kesho yake jioni alikuja Bi Nanikasema na wanafunzi wachache. Alikuwa mwanamke mfupi, viatu vimejaa vumbi, na sauti ya chini kiasi kwamba watu walilazimika kuinama kumsikia. Wanafunzi wakaamkia, "Shikamoo, mama," wakaitikiwa "marahaba" kavu. Mama Pindo hakupoteza muda.

"Mwalimu, karibu. Andikeni kwenye hiyo blogu yenu kwamba ni Fundi Mikasi."

"Nani kasema?"

"Mimi nasema!"

"Umemwona akisema?"

"Sijamwona. Lakini nani mwingine anajua kwamba cherehani yangu ina kamba?"

"Kila uliyemshonea, mama." Mwalimu alivuta kigoda akakaa. "Na yule mama wa kwenye simu naye alikuwa na uhakika kama wewe. Nimesikiliza. Hakusita hata kidogo."

Lo! Neno hilo lilimwingia Mama Pindo kama pini kidoleni. Kwa mara ya kwanza alijiona yupo hatua moja tu kumfanyia Fundi Mikasi kilekile alichofanyiwa yeye, na hakupenda alichokiona.

"Sasa mtafanya nini?" akauliza, sauti imeshuka.

"Tutarudi nyuma," mwalimu alisema. "Aliyepata habari tutamuuliza kaipata kwa nani. Huyo naye tutamuuliza. Mpaka mwanzo. Na hatutamgombeza mtu."

"Hamtamgombeza?"

"Ukimgombeza anaifuta, mama. Akiifuta, njia imepotea."

Mama Pindo aliielewa kazi hiyo kuliko alivyotaka kukubali. Ndivyo nguo inavyofumuliwa. Huvuti uzi kwa hasira, unaanzia mshono wa mwisho na kurudi taratibu, ama sivyo unachana kitambaa. Lakini kukubali ni kukubali na hasira ni hasira. "Nitafuatana nanyi," akasema akifunga duka, "na nikimpata aliyeanzisha, nyinyi msigombe. Nitampa vidonge vyake mwenyewe, na maji ya kumezea juu."

Walianza na mama wa sketi. Aliwapokea kwa woga, hasa alipomwona Mama Pindo nyuma yao, lakini msichana mmoja wa darasa lile alimwomba radhi kwanza kwa kumkatiza mapishi, akampokea mtoto aliyekuwa mgongoni ili apate kutafuta kwenye simu. Mama yule akalainika.

"Mimi si mtu wa kuamini kila kitu," alisema. "Ningeletewa na mmoja nisingeamini. Lakini ilikuja kwenye kundi la wazazi, na ikaja tena kwenye kundi la kina mama wa mtaa. Makundi mawili, watu tofauti kabisa. Mmoja anaweza kudanganya, wawili je?"

Wanafunzi hawakubishana naye. Waligawanyika wakafuata kundi hili na lile, nyumba kwa nyumba, "Ulitumiwa na nani, mama? Asante sana, mama," na jioni ile ile pande zote mbili zilikutana mbele ya meza moja ya matunda. Mama Pindo alisimama hapo mdomo wazi. Mashahidi wawili, kumbe wote mama yao mmoja! Na watoto hawa, hawa aliodhani wanafundishwa umbea, walikuwa wameligundua hilo bila kumpandishia mtu sauti.

Muuza matunda alipowaona alianza kulia kabla hajaulizwa. Ile sauti ilikuwa yake.

"Nilidhani nawaokoa watoto," alisema. "Niliandikiwa kwamba sare zinashonwa kwa mashuka ya wodini. Nikajiambia, wodini si watu hufa? Wakifa si hufunikwa mashuka yaleyale? Basi hiyo si sanda?"

"Basi hiyo si sanda!" Mama Pindo alifoka. "Wewe, mwanamke, kwa mantiki hiyo kila anayelala kwenye shuka ni maiti!"

Bi Nanikasema alimgusa mkono tu. Kisha akamwuliza muuza matunda, kwa sauti ileile ya chini, nani aliyemwandikia. Ikawa kinyozi wa pale kona. Kabla ya kuondoka, mvulana mmoja alimsaidia kurudisha machungwa yaliyokuwa yameporomoka, na muuza matunda akasema, bila kuombwa, kwamba wakiipata kweli wamletee, naye atasema kwa sauti yake ileile kwamba alikosea. Mama Pindo alilisikia hilo. Angeachiwa kazi hii yeye, alijua, hapo wangeondoka na matusi tu.

Kinyozi alikuwa na mteja kitini, nusu kichwa kimenyolewa. Alizima mashine.

"Niliandika haraka, mama, nisamehe," alimwambia Mama Pindo. "Nilikuwa kazini. Aliyenionyesha ni dada yangu mdogo, kwenye picha. Mimi nikaandika mashuka. Nadhani kwenye picha yalikuwa mapazia. Mapazia makuukuu ya hospitali. Tena si sare nzima, ni mifuko tu ya ndani."

Mama Pindo alianza kucheka, kicheko cha mtu aliyetoka kwenye homa. "Mmeona? Sanda imekuwa shuka. Shuka limekuwa pazia. Sare nzima imekuwa mfuko! Tukienda hatua nyingine tutakuta hakuna kitu kabisa." Aligeuka amshirikishe binti yake furaha hiyo.

Chiriku alikuwa amebaki nje, ameshika nguzo ya kibaraza. Uso wake ulikuwa umepauka.

"We, vipi? Viatu vinakubana?"

Chiriku alizidi kuikumbatia nguzo. Mama Pindo akamtazama mwalimu. Kalamu ya Bi Nanikasema ilikuwa imesimama katikati ya neno, na mwalimu naye alikuwa akimtazama Chiriku.

Dada wa kinyozi aliitwa kutoka nyumba ya nyuma. Alikuwa kidato cha kwanza katika shule hiyohiyo. Alitoa simu bila wasiwasi wowote, akaonyesha picha ya kioo cha kompyuta. "Niliipiga siku mliyotualika kwenye chumba cha kompyuta, mwalimu, kutuonyesha kazi za kidato cha tatu. Niliipenda ilivyoandikwa. Nikamwonyesha kaka."

Mama Pindo alisoma. Kweli ilikuwa imeandikwa vizuri. Ilieleza chumba kidogo, pazia la kijani, kamba ya kiatu kwenye pedali, harufu ya pasi ikikutana na kitambaa kibichi, na fundi mkarimu anayeshona mifuko kwa mapazia ya hospitali huku akiimba. Ungeisoma ungeapa mwandishi alikuwa amekaa mle ndani.

"Na chini ya hapo?" mwalimu aliuliza. "Palikuwa na maneno mengine chini."

"Chini hapakuingia kwenye picha."

"Chini imeandikwa kwamba si kweli." Alikuwa Chiriku, ameingia, anasema polepole kama mtu anayejifunza kusema. "Imeandikwa kwamba ni zoezi la darasa. Tuliambiwa tutunge uongo utakaoaminika, halafu chini yake tuufumue wenyewe, tuonyeshe kila mbinu tuliyotumia kumdanganya msomaji. Ilikuwa muhula uliopita. Nilipata alama ya juu kuliko wote. Niliiandika mimi, Mama."

Hata mteja wa nusu kichwa alijigeuza kitini amtazame.

"Nilihitaji fundi ambaye mtu angemwamini," Chiriku aliendelea, machozi yanamtiririka. "Fundi ninayemjua ni wewe. Nilipokuwa napiga pasi nilitazama chumba chetu nikaandika nilichokiona. Niliposikia habari ya sanda sikuijua. Wallahi sikuijua. Mpaka aliposema mifuko."

Vile vidonge Mama Pindo alivyokuwa amevibeba tangu alipofunga duka vilikuwepo vyote mdomoni. Hakuna hata kimoja kilichotoka. Aligeuka, akatoka, akarudi dukani peke yake, akakaa kati ya sare zilizorudishwa. Alilia kama ambavyo hakuwahi kulia tangu msiba wa mumewe. Kilichomuuma zaidi ni kwamba uongo ule uliaminika kwa sababu kila kitu ndani yake kilikuwa kweli isipokuwa mapazia, na vitu hivyo vya kweli vilikuwa vyake, vimetolewa nyumbani mwake na mwanawe wa kumzaa.

Nyumbani walikula kimya. Chiriku alisema samahani, mama mtu akasogeza bakuli. Siku iliyofuata ikawa hivyohivyo.

Baada ya hapo mwalimu na wanafunzi wakaja kumsomea.

Bi Nanikasema aliingia kwanza, na hakukaa. "Mama, kabla mtoto hajasoma, niseme langu. Kosa la kwanza ni langu. Niliwafundisha kutengeneza sumu ili waijue, hiyo ni sawa. Lakini onyo nililibandika chini ya chupa, mahali ambapo mtu hatazami. Nimeliandika hilo kwenye habari, na jina langu lipo. Mkuu wa shule angependa tufute ukurasa kimyakimya, watu wasahau. Nimemwambia watu hawasahau wanachoogopa. Ametuachia."

Mama Pindo hakuwahi kumsikia mtu mwenye chaki mkononi akisema kosa ni langu. Alimpisha kigoda. Moyoni alimheshimu sana mwanamke yule mfupi, akaona haya kwa ule utani wa mtungi.

"Sawa," akasema. "Ila nina ombi. Mtoto msimtaje. Semeni mwanafunzi mmoja, inatosha. Duka litapona bila yeye kuchekwa."

Mwalimu alimtazama Chiriku.

"Mama," Chiriku alisema, "tukisema mwanafunzi mmoja, watu watasema shule imetunga ili kukuokoa. Watauliza ni nani huyo, hakuna atakayejitokeza, basi watarudi kwenye sanda zao. Lazima awepo mtu wa kuwaambia, ni mimi, niulizeni."

"Watakucheka. Watasema umemla mama yako."

"Watasema."

Aliyasema hayo akiwa wima. Mama Pindo aliona uchungu na fahari vikimpanda pamoja, hakujua kipi akishike. Akapunga mkono: soma.

Chiriku akasoma. Alianza na maneno "Uongo huu niliutunga mimi, na fundi ndani yake ni mama yangu." Alieleza njia yote: picha iliyokatwa, mapazia yaliyogeuka mashuka, mashuka yaliyogeuka sanda, makundi mawili yaliyotokana na meza moja. Hakumtukana mtu. Kila mmoja alikuwa ameshasomewa sehemu yake na kuikubali, hata kinyozi, aliyeomba iongezwe kwamba siku ile alikuwa na foleni ndefu. Ulimi wa Chiriku ulikwama mara kadhaa, lakini hakuruka neno. Wenzake walikuwa wamesimama nyuma yake bega kwa bega, hawamsaidii, hawamwachi. Mpaka akafika mwisho: "Sare za mama yangu zimeshonwa kwa kitambaa cha jora, na mlango wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kufumua mfuko akaone. Nimemwomba radhi, na mama yangu amenisamehe."

"Hapo pana uongo," alisema Mama Pindo.

Wote wakamtazama.

"Nani alikwambia nimekusamehe? Umeniuliza?"

Chiriku alishusha karatasi. "Sijakuuliza."

"Basi umeandika unachokitamani kiwe. Mimi sijakusamehe. Nikiamka naona rundo la sare zilizorudi, na nikilala naliona. Sitakudanganya wewe, wala hao wasomaji wako."

Wanafunzi waliinamisha vichwa. Ungedhani mwalimu angeingilia, aseme jamani mama, mtoto ameomba radhi. Bi Nanikasema, na hapo ndipo ujue alikuwa mwalimu kweli, alichukua kalamu, akaikata sentensi ile, akauliza kwa adabu, "Mhusika amekataa. Mahali pake tuandike nini, mama?"

Mama Pindo aliikunjua futi yake, akaikunja, akaikunjua. Hakuwahi kuulizwa na mtu yeyote kiandikwe nini.

"Andikeni, mama bado ana hasira," akasema. Kisha akaiweka futi mezani. "Na andikeni, alisimama mbele yangu akanisomea kosa lake mwenyewe, na mimi nilikuwa nimemfungulia njia ya kujificha akaikataa. Andikeni najivunia. Vyote viwili. Mtu asije akaniambia kimoja kinatosha."

Chiriku aliandika huku karatasi ikilowa.

Habari ikapanda. Muuza matunda alitimiza ahadi, akajirekodi upya, safari hii bila kulia, akatuma kwenye makundi yaleyale mawili. Kinyozi aliibandika kwenye kioo chake, mteja asome akiwa kitini hawezi kukimbia. Kwenye blogu, mazoezi yote ya uongo yakaanza kuandikwa neno ZOEZI kwa herufi kubwa katikati ya maandishi yenyewe, mahali ambapo hata picha haiwezi kulikwepa. Watu wakarudi dukani, si wote, wapo waliokwisha kushona kwa Fundi Mikasi, na Mama Pindo alijizuia kusema neno lolote juu yake, ingawa ilimgharimu. Wengine walifumua mfuko kweli, palepale mezani, wakaona kitambaa cha kawaida, wakaona haya. Aliwashonea tena bila kinyongo. Duka likabaki wazi.

Ila walikuwa na swali lao, kila aliyeingia. Hawakuuliza kitambaa wala rangi. "Mama Pindo, umeshamsamehe mtoto?"

"Simama wima nikupime."

"Lakini umeshamsamehe?"

"Ukipumua hivyo sketi itakulegea."

Chiriku nyuma ya pazia alisikia yote hayo, siku baada ya siku, akaendelea kupiga pasi. Hakubembeleza. Alipoandika habari nyingine, ya mfereji uliokuwa umeziba nyuma ya soko, alikwenda kuwasomea wahusika mmoja mmoja, na mama yake alimwona akipita na kurudi juani.

Jioni moja hapakuwa na mteja. Mama Pindo alikuwa akipinda sketi, mguu kwenye pedali, macho kwenye sindano.

"Ile habari yako ina kosa," akasema.

Chiriku alitoka nyuma ya pazia. "Ipi, Mama?"

"Ya sare. Pale mwishoni, uliposema bado nina hasira." Mguu haukuacha pedali. "Siku hizo ilikuwa kweli. Sasa si kweli tena. Kesho ukifika shule uirekebishe, watu wasisome uongo."

Chiriku alilia palepale, juu ya sketi ya mtu, na mama yake akamvuta kwake kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akaisogeza sketi, maana ilikuwa imeshapigwa pasi.